Maradhi, Njia na Maziko: Mwendo wa Watu wa Nairobi na Nakuru Wakati wa Korona



Katika mikutano yetu limezuka mara kwa mara swali ambalo halijapata jibu la kuwaridhisha wote. Swali lenyewe ni hili: wale wanachama ambao hawakuhudhuria maziko, wala matanga, wala kwenda kuwatazama wagonjwa katika miaka ya 2020 na 2021, je, wahesabiwe kuwa waliiacha kanuni ya chama, au wahesabiwe kuwa walizuiwa? Kitabu chetu cha mahudhurio kina nafasi nyingi tupu katika kurasa za miaka hiyo. Vijana husema nafasi hizo zisamehewe zote pamoja. Baadhi ya wazee husema kwamba maiti haingoji, na mwenye nia hakosi njia. Tumeona kwamba shauri hili haliwezi kukatwa kwa hasira, wala haliwezi kukatwa kwa huruma peke yake. Yafaa kwanza tujue njia zenyewe zilikuwaje: zilifungwa siku gani, zikafunguliwa siku gani, nani aliruhusiwa kupita, na nani alirudishwa. Kwa hiyo tumekusanya habari hizi na kuziweka katika taarifa ya mwaka, ili mwenye kuhukumu ahukumu akijua.

I. Maradhi na njia katika siku zilizotangulia

Si mara ya kwanza kwa maradhi kubadili mwendo wa watu katika nchi hii. Miji yetu ilizaliwa na reli. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Nairobi mwaka 1899, ikafika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1901 ikafika ziwani huko Kisumu. Njia ile iliyoleta bidhaa, kazi na mshahara ndiyo iliyoleta maradhi pia, kwa kuwa maradhi hayana miguu yake yenyewe, husafiri kwa miguu ya watu na kwa magurudumu yao.

Mwaka 1902 tauni iliingia Nairobi, na wakuu wa wakati ule wakaona dawa ni moto: soko la Wahindi likateketezwa. Tauni haikukoma hapo, ilirudi tena na tena. Mwaka 1913 alitumwa bingwa wa afya kutoka Uingereza, Profesa W. J. Simpson, atazame miji ya Afrika ya Mashariki, naye akashauri kwamba miji igawanywe, kila rangi ya watu ikae upande wake. Shauri hilo lilipewa jina la afya, lakini matunda yake yalikuwa ubaguzi. Pumwani, mtaa uliotengwa kwa Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1920, ni mmojawapo wa mitaa iliyozaliwa katika fikira za namna hiyo. Mtu akiuliza kwa nini mfanyakazi wa Nairobi anatembea mwendo mrefu asubuhi na jioni hata leo, sehemu ya jibu imo katika mipaka iliyochorwa zamani kwa kisingizio cha maradhi.

Kisha ikaja homa kuu ya mafua, mwishoni mwa mwaka 1918. Iliingia kwa meli Mombasa, ikapanda garimoshi, ikasambaa bara pamoja na askari na wapagazi waliokuwa wakirudi kutoka vita vya Wajerumani. Wapagazi hao ndio walioachia Nairobi jina la Kariokor. Wataalamu wamekadiria kuwa watu wapatao 150,000 walikufa katika nchi yetu kwa homa hiyo. Na katika miaka iyo hiyo baada ya vita, serikali ya kikoloni ilianza kuitumia sheria ya kipande iliyotungwa mwaka 1915, kila mwanamume Mwafrika akachukua cheti chake katika kikebe shingoni. Kipande hakikuletwa na mafua. Hata hivyo vitu hivi viwili vilikaa pamoja katika kumbukumbu za wazee: wakati wa kufa kwa wingi, na wakati wa kuulizwa njiani, "Unatoka wapi, unakwenda wapi?"

Wala hatuwezi kusahau Hali ya Hatari iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Watu wengi wa Bonde la Ufa, hasa Wakikuyu waliokuwa wakilima katika mashamba ya walowezi, walihamishwa kwa malori na kwa garimoshi. Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi yote ilizingirwa na majeshi katika msako ulioitwa Anvil, na maelfu wakapelekwa kizuizini. Amri za kutotoka nje usiku zilikuwako, na vyeti vya kusafiria vilikuwako, mpaka Hali ya Hatari ilipoondolewa Januari 1960. Twayataja haya kwa sababu amri za mwaka 2020 ziliposomwa, wazee wengi hawakusikia neno jipya. Walisikia neno la zamani likitamkwa kwa sauti ya daktari.

Tofauti ipo, na haki yatutaka tuitaje. Amri za Hali ya Hatari zilitazama kabila na rangi. Amri za korona zilimhusu kila mtu, tajiri na maskini, na shabaha yake ilikuwa kuokoa maisha. Lakini mzigo uliowekwa juu ya wote si lazima uwalemee wote sawasawa, kama tutakavyoona.

II. Ukuta wa kwanza: Nairobi yafungwa, 2020

Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Baada ya siku mbili ikatangazwa kwamba shule zitafungwa. Tarehe 20 Machi ikatoka amri juu ya magari ya abiria: matatu ya viti 14 ichukue watu 8 tu, gari la viti 25 lichukue watu 15, na mabasi makubwa yasizidi sehemu 60 katika 100 za viti vyake. Tarehe 27 Machi ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, tangu saa 1 ya jioni hadi saa 11 ya alfajiri, katika nchi nzima.

Jioni ile ya kwanza ilionyesha jinsi mambo yatakavyokuwa. Huko Likoni, Mombasa, watu waliokuwa wakikimbilia kivuko kabla ya saa kufika walitupiwa moshi wa kutoa machozi na kupigwa na askari. Tarehe 30 Machi, katika Kiamaiko, Nairobi, mtoto wa miaka 13 aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao usiku alipigwa risasi ya polisi akafa. Tarehe 1 Aprili Rais Uhuru Kenyatta aliwaomba wananchi radhi kwa nguvu zilizopita kiasi. Amri ya kulinda maisha ilikuwa imekwisha kuchukua maisha kabla ya kutimiza juma moja.

Kisha, Jumatatu tarehe 6 Aprili 2020, saa 1 ya jioni, Nairobi ikafungwa. Wengine hudhani kwamba ulifungwa mji peke yake. Sivyo. Ulifungwa mji pamoja na viunga vyake: upande wa Thika mpaka daraja la mto Chania, upande wa Machakos mpaka Athi River, upande wa Kajiado pamoja na Kitengela, Kiserian, Ongata Rongai na Ngong, na upande wetu sisi, mpaka Rironi. Kwa hiyo mtu aliyetoka Nakuru kwa barabara kuu alikuta ukuta Rironi, na mtu aliyekuwa Nairobi akitaka kuja Nakuru alirudishwa hapo hapo. Tarehe 8 Aprili zikafungwa Mombasa, Kilifi na Kwale, na baadaye mwezi huo huo Mandera.

Siku zenyewe zazidi kueleza jambo. Pasaka ya mwaka ule ilikuwa tarehe 12 Aprili. Ukuta ulisimamishwa siku sita kabla yake, maana serikali ilijua kwamba wakati wa Pasaka watu wa Nairobi humiminika kwenda makwao, na kwamba maradhi yangekwenda pamoja nao hadi kwa wazee wao. Hapo tunajifunza jambo juu ya Nairobi yenyewe. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019 ulikuwa na watu 4,397,073, walakini wengi wao wana nyumba mbili katika moyo: nyumba ya kodi mjini, na nyumba ya wazazi mashambani. Kuufunga mji wa namna hiyo ni kulikata jamaa katikati.

Amri hiyo ilitajwa kuwa ya siku 21. Ikaongezwa, ikaongezwa tena, na tena. Tarehe 6 Mei mitaa miwili ikafungwa ndani ya miji iliyokwisha kufungwa, yaani Eastleigh katika Nairobi na Mji wa Kale katika Mombasa, ikakaa hivyo muda wa mwezi mmoja. Wanachama wetu wafanyao biashara ya nguo wajua maana yake, kwa kuwa Eastleigh ndiyo ghala ya wachuuzi wa miji mingi ya bara. Zaidi ya hayo, kuingiza mitumba kutoka nchi za nje kulipigwa marufuku tangu mwanzo wa Aprili hadi Agosti. Nairobi ikafunguliwa tarehe 7 Julai 2020, saa 10 ya alfajiri. Ukuta wa kwanza basi ulidumu miezi mitatu kamili na siku moja.

III. Saa, kiti na mguu

Sasa tutazame jinsi mwendo wa watu ulivyobadilika ndani ya mji wenyewe. Twaweza kuyaeleza kwa maneno matatu: saa, kiti na mguu.

Kwanza, saa. Mji mkubwa una pumzi zake. Asubuhi huvuta watu ndani, jioni huwatoa. Zamani pumzi ya jioni ya Nairobi ilikuwa ndefu, yaanza saa 10 na kuendelea hata saa 4 za usiku. Amri ya usiku iliibana pumzi hiyo katika muda wa saa chache. Waajiri waliwaacha watu mapema, maduka yakafungwa mapema, na wote wakatoka kwa pamoja. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha shabaha: amri iliyokusudia kuwatenga watu iliwasonga pamoja katika vituo saa ile ile ya mwisho. Mfano mkubwa ulionekana usiku wa tarehe 17 Aprili 2021, polisi walipoifunga barabara kuu ya Thika baada ya saa kupita. Magari yakakwama kwa saa nyingi, hata magari ya wagonjwa yakashindwa kupita.

Walioumia zaidi kwa saa ni wale ambao kazi yao ndiyo usiku: mabawabu, wapishi wa hoteli, wenye kuchoma nyama, wanamuziki, na mama wa masoko ambao lazima wawe sokoni kabla ya mapambazuko mboga zikiwa bado na umande. Wengine walipewa vyeti vya kupita kwa kuwa kazi zao zilihesabiwa kuwa za lazima. Asiye na mwajiri hakuwa na mtu wa kumwandikia cheti. Basi cheti kilimlinda mwenye mshahara kuliko mwenye jasho la siku.

Pili, kiti. Matatu ikichukua watu 8 badala ya 14, lazima nauli ya wale sita wasiokuwapo ilipwe na mtu. Mafuta ya gari hayapungui kwa sababu viti ni vitupu. Kwa hiyo nauli zilipanda, katika njia nyingine zikakaribia kuwa maradufu. Amri ya viti ilidumu mpaka tarehe 9 Agosti 2021, magari yaliporuhusiwa tena kujaza viti vyote. Ni mwaka mmoja na zaidi ya miezi minne. Mshahara wa kibarua haukupanda hata senti moja katika muda huo; wengi walipunguziwa, na wengi zaidi waliachishwa.

Tatu, mguu. Aliyeshindwa na nauli alitembea. Watu wa Kibera na Mukuru walikuwa wakitembea hadi Eneo la Viwanda tangu zamani, sasa waliongezeka. Hapa kwetu Nakuru mambo yalikuwa hayo hayo kwa kipimo kidogo. Kutoka Rhonda na Kaptembwo hata katikati ya mji ni kilomita chache, mwendo ambao kijana huuona mwepesi. Lakini mama mwenye furushi la mboga kutoka Soko la Wakulima hauoni mwepesi, hasa anapoikimbia saa. Pikipiki nazo zilipewa amri ya kuchukua abiria mmoja, wote wamevaa barakoa, na hata hivyo ndizo zilizowasaidia wengi kufika nyumbani kabla ya askari kutoka.

Kitu kimoja kilizidi kwenda wakati watu walipozuiwa, nacho ni fedha. Tangu katikati ya Machi 2020 hadi mwisho wa mwaka ule, ada ya kutuma fedha kidogo kwa simu, yaani zisizozidi shilingi 1,000, iliondolewa. Mtoto aliyekuwa Nairobi hakuweza kumfikia mama yake, lakini shilingi mia tano zake ziliweza. Chama chetu pia kiliponea katika njia hiyo. Michango ya rambirambi ambayo zamani iliwekwa mezani mbele ya wafiwa ilianza kuja kwa simu. Wazee walinung'unika, na manung'uniko yao yana maana, kwa kuwa shilingi ya simu haikai na mfiwa usiku kucha.

IV. Barabara kuu na Bonde la Ufa

Nakuru ni mji wa njia panda. Malori mengi yatokayo Mombasa na Nairobi kwenda Uganda, Rwanda na Kongo hupita hapa. Hayo malori hayakuzuiwa na ukuta wa Rironi, kwa sababu chakula na bidhaa ziliruhusiwa kupita, pamoja na dereva na msaidizi wake. Hivyo dereva wa lori akawa karibu mtu pekee mwenye uhuru wa kusafiri, na kwa sababu hiyo hiyo akawa mtu wa kuogopwa. Madereva walitakiwa kupimwa kabla ya kuvuka mpaka, vipimo vikachelewa, na katika miezi ya Aprili, Mei na Juni 2020 foleni ya malori huko Malaba ikawa ya kilomita nyingi. Katika vituo vya njiani, mathalani Salgaa, wenye hoteli na vyumba vya kulala walimkimbia yule yule mteja waliyeishi kwake.

Huko Naivasha pigo lilikuja kwa mlango mwingine. Masoko ya Ulaya yalipofungwa na ndege kupungua, mwezi wa Machi 2020, maua yalitupwa, na maelfu ya wafanyakazi wa mashamba ya maua wakarudishwa nyumbani bila kazi. Mtu asiye na kazi hana pa kwenda asubuhi. Hiyo nayo ni namna ya kuzuiliwa, ijapokuwa haina askari wala kizuizi barabarani.

V. Ukuta wa pili: Nakuru yafungiwa ndani, 2021

Wanachama wengi huzichanganya fungo hizi mbili, na ndipo ugomvi unapoanza. Katika ukuta wa kwanza sisi tulikuwa nje. Katika ukuta wa pili tulikuwa ndani.

Tarehe 26 Machi 2021, siku ya Ijumaa, Rais alitangaza kwamba kaunti tano, yaani Nairobi, Kajiado, Machakos, Kiambu na Nakuru, zihesabiwe kuwa eneo moja lenye maradhi. Kutoka usiku ule wa manane hakuna mtu wa kutoka wala kuingia katika eneo hilo. Ndani ya eneo hilo ibada za pamoja zilisimamishwa, mabaa yakafungwa, na saa ya kutotoka nje ikarudishwa kuwa saa 2 za usiku, wakati sehemu nyingine za nchi zilikuwa na saa 4. Kwa mara ya pili Pasaka ilikuwa karibu, tarehe 4 Aprili. Waliokuwa wamepanga kusafiri juma lile walipata saa chache tu za kuamua.

Tazameni sasa ugeni wa jambo hili. Mwaka 2020 mtu wa Rhonda aliweza kwenda Kericho au Kisumu, asiweze kwenda Nairobi. Mwaka 2021 mtu yule yule aliweza kwenda Nairobi, asiweze kwenda Kericho. Kaunti yetu imepakana na Kericho, Bomet, Narok, Baringo, Laikipia na Nyandarua, na mipaka hiyo yote sita ilifungwa kwa siku moja. Watu wafanyao kazi mjini Nakuru na kulala ng'ambo ya mpaka walilazimika kuchagua kitanda au mshahara. Ukuta huo uliondolewa tarehe 1 Mei 2021, baada ya majuma matano.

Haikuishia hapo. Tarehe 18 Juni 2021 ilikuja zamu ya kaunti 13 za magharibi na Nyanza, Kericho na Bomet zikiwamo, ambazo saa yao ya kutotoka nje ilirudishwa hadi saa 1 ya jioni, na watu wakaonywa wasisafiri kuingia wala kutoka. Ndugu zetu wengi wa Rhonda wazaliwa wa sehemu hizo. Kwa hiyo mtu mmoja, mwenye kwao kumoja, aliweza kuzuiwa mara tatu katika muda wa miezi 15: alipokuwa Nairobi, alipokuwa Nakuru, na alipokuwa akienda nyumbani.

Amri ya usiku ikaondolewa katika nchi nzima tarehe 20 Oktoba 2021, Sikukuu ya Mashujaa. Ilikuwa imedumu karibu miezi 19. Wazee watatambua tarehe hiyo. Ni siku ile ile ilipotangazwa Hali ya Hatari, miaka 69 iliyopita kabla yake.

VI. Maziko

Sasa twafika kwenye jambo lililotufanya tuishike kalamu. Vyama vya namna yetu vilizaliwa mijini kwa sababu ya kifo. Mtu aliyekufa mbali na kwao hakuwa na wa kumwosha, wa kumchimbia, wala wa kumsafirisha. Ndipo watu wa kwao walipochanga. Mengine yote, yaani karo, ugonjwa na arusi, yalikuja baadaye. Kwa hiyo maradhi yaliyozuia maziko yaligusa mzizi wenyewe wa chama.

Mwaka 2020 iliamriwa kwamba waendao maziko wawe jamaa wa karibu tu, wasizidi watu 15. Hesabu hiyo, katika desturi zetu, haiwatoshi hata watoto wa baba mmoja na wake zao. Machi 2021 ikaamriwa kwamba maziko yafanywe katika muda wa saa 72 baada ya kifo kuthibitishwa. Yule aliyezoea kungoja mjomba kutoka mbali, kungoja mchango utimie, na kungoja ukoo ukubaliane juu ya kaburi, alipewa siku tatu. Na safari ya maiti kuvuka ukuta ilitaka ruhusa, pamoja na orodha fupi ya wasindikizaji.

Yalikuwako maumivu ya kweli. Wapo waliozikwa bila mtoto wao wa kwanza kutia mchanga kaburini. Wapo wajane waliokaa matanga peke yao. Hata hivyo tusisahau kwamba maradhi nayo yalikuwa ya kweli. Vifo vilivyoandikwa na serikali katika Kenya vilipita 5,600, na watu wazima wenye umri mkubwa ndio walioangamia zaidi. Kama watu mia tatu wangesongamana katika hema kama ilivyo desturi, tungalizika mmoja leo na wengine baada ya majuma mawili, na wa kwanza kati yao wangalikuwa wazee wetu wenyewe. Kutokwenda kulikuwa, mara nyingi, ndiyo heshima ya kweli kwa mzee aliyebaki hai.

VII. Yaliyobaki

Njia zimefunguliwa zamani, lakini mwendo haukurudi wote kama ulivyokuwa. Michango kwa simu imebaki, na haitaondoka. Maziko ya siku chache yamebaki katika jamaa nyingi, kwa sababu waligundua kwamba gharama hupungua. Nairobi ilijengewa njia za miguu na za baiskeli katika barabara zake za kati mwaka 2020, jambo jema kwa watembeao, ingawa wengi wao watoka mitaa isiyofikiwa na njia hizo. Wapo pia waliokimbia kodi ya Nairobi wakati wa korona wakaja kukaa Nakuru. Mji wetu nao ulipandishwa cheo kuwa jiji tarehe 1 Desemba 2021. Jiji lina heshima yake na lina hatari zake. Likija tena tandavu la maradhi, Nakuru haitahesabiwa tena kuwa mji mdogo ulio nje ya ukuta.

Kwa sababu hizo, sisi tulioandika taarifa hii twaleta mbele ya Wazee na wanachama mashauri matatu.

La kwanza: mahudhurio yasisamehewe yote kwa jumla, wala yasitozwe faini yote kwa jumla. Yapimwe kwa tarehe. Maziko yaliyofanywa nje ya zile kaunti tano kati ya tarehe 27 Machi na 30 Aprili 2021, mwanachama aliyekuwa hapa hakuweza kuyafikia, na jina lake liandikwe "alizuiwa". Vivyo hivyo kwa wanachama wetu waliokuwa Nairobi kati ya tarehe 6 Aprili na 6 Julai 2020. Kwa siku nyingine, idadi ya watu iliyoruhusiwa wakati ule ikumbukwe: aliyewaachia jamaa nafasi hakuikimbia kazi. Lakini yule ambaye njia ilikuwa wazi, na simu ilikuwa mkononi, naye hakutuma salamu wala senti, huyo aitwe aeleze mwenyewe mbele ya kamati.

La pili: kitabu cha wanachama kiandikwe upya, kionyeshe kila mtu anakaa wapi, jamaa zake wa karibu ni nani, na wapi apendapo kuzikwa. Katika saa 72 hakuna wakati wa kuulizana.

La tatu: itengwe akiba ndogo isiyoguswa, ya nauli na ya chakula, kwa ajili ya siku ambazo njia zitafungwa tena. Wale walio na mshahara waweza kungoja mwezi uishe. Mama auzaye mboga hula kile alichouza leo, na barabara ikifungwa jioni, jiko lake halina moto asubuhi.

Wazee wetu walipita katika kipande na katika Hali ya Hatari, wakatuachia chama. Twawaomba walipime jambo hili kwa kumbukumbu zao wenyewe za kurudishwa njiani. Kitabu cha mahudhurio kitawekwa mezani siku ya mkutano mkuu, pamoja na orodha ya tarehe tulizozitaja, na kila nafasi tupu itasomwa moja moja kwa jina.